Saa ya Néhémie

Kila siku saa kumi na moja na nusu za jioni Papa Édouard alitoa nje kiti chake cha plastiki, akakiweka palepale kati ya ukuta wa jikoni na mpapai, akakunja suruali hadi juu ya magoti. Aliikunja mara nne, kila mkunjo vidole viwili, kama alivyofundishwa kazini. Kazi yenyewe ilikwisha zamani. Lakini miguu iliyotembea miaka ishirini na sita haijui kustaafu, ikikosa njia hutaka angalau upepo.

Simi-Simi, pembeni mwa mji wa Kisangani, upande ule wa uwanja wa zamani wa ndege, majani ni marefu na maji ya mvua hayana pa kwenda. Mbu hawachelewi. Walianza na Papa Édouard kwa sababu yeye alikuwa amejiandaa, naye aliwapunga kwa kofia kabla hawajashiba, basi wakavuka ua wakamalizia kwa jirani. Jirani alikuwa Colette, mwuza kwanga, mikate ya muhogo. Jioni moja Colette alikuwa anafunga kwanga zake kwa majani, mbu akamuuma shingoni, akaona mto.

"Papa Édouard!" aliita, mikono bado kwenye kazi. "Ile mto yenye mawe nyeupe kama meno ya mutoto, iko wapi?"

"Mto gani?"

"Ile yako. Ngungi imeniuma, njo nikaiona. Weye unavuka, viatu iko mukononi. Na vipepeo vya manjano, mingi, yulu ya muchanga."

Papa Édouard akautafuta mto huo kichwani mwake. Alikuta njia inayoufikia, na alikuta njia inayotokea ng'ambo. Katikati palikuwa peupe, kama ukuta ulioondolewa picha.

"Basi imeenda kwako," alisema. "Uitunze."

"Nitaitunza. Iko muzuri." Na Colette akaendelea kufunga.

Ikawa hivyo. Kila mbu aliyemuuma Papa Édouard aliondoka na kipande cha njia, kile kilichokuwa kikipita kichwani mwake dakika ile, akamwachia mtu mwingine. Glodi, kijana wa toleka, alipelekewa njia panda iliyoko mbele ya Opala, akawa anaelekeza abiria wake wa baiskeli pa kushika mkono wa kushoto, hata wale waliokuwa wanakwenda sokoni tu. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alipata kilima kile ambapo asubuhi ukungu wote wa msitu hukaa chini ya miguu yako na vilele vya miti vinatoka kama visiwa. Alisema kilimsaidia mgongo. Watu wakaanza kupita jioni, wakikaa karibu karibu, mikono wazi.

"Papa, leo unawaza wapi?"

"Mto Lindi. Palipo na nyani weupe mabegani."

"Ah, bon. Mimi nangojea hapa."

Muuguzi wa kituo cha afya, alipoelezwa, aliandika paracetamol na kusema kwa wazee ni kawaida.

Aliyekasirika ni Viviane, binti yake, ambaye Papa Édouard aliishi kwake. Alikuwa na sababu. Macho ya baba yake yalikuwa yamefungwa nusu na usubi, vile vijidudu vyeusi vya kwenye maporomoko, vidogo kama punje ya ulezi, vinavyouma mguu leo na kukudai jicho baada ya miaka ishirini. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilimpa vivuli, na kitu kikisogezwa hadi puani, kinaonekana. Kilichomsalia cha kutazama ni njia alizopita. Nazo alikuwa anazigawa kama karanga.

"Papa, utabaki na nini?"

"Iko mingi."

"Yangambi iko wapi?"

Papa Édouard akafikiri. "Hiyo ilienda kwa nani?"

Viviane akaenda nyuma ya nyumba, akakikung'uta chandarua walichopewa na serikali na ambacho kilikuwa kimezungushiwa vifaranga, akakifunga juu ya kitanda cha baba yake. Kilikuwa na matundu saba. Alishona matano, uzi ukaisha.

*

Sasa kazi aliyokuwa akifanya Papa Édouard ni hii. Ulikuwepo msafara wa kuchunguza usubi, wenye mkuu wake, masanduku yake ya chuma na karani wake, uliotembea kwa miguu toka mto mpaka mto, kwa sababu gari halifiki kwenye maporomoko. Kwenye kila mto walihitaji watu wawili wa kukaa juu ya jiwe miguu wazi. Mdudu akitua, unamfunika kwa kichupa cha kioo kabla hajachoma, unaziba na pamba, halafu unaandika kibandiko: stesheni, saa, jina la mkamataji. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa hii yako, saa inayofuata ya mwenzako, mpaka jua lizame.

Watu wa mito ile walijua kuishi na wadudu. Wengine walijipaka mawese yaliyochanganywa na petroli ya taa, wengine walifukiza maganda ya michikichi, mama walifunga watoto miguu kwa majani. Wakamataji walikatazwa hayo yote. Mguu wenye harufu haufai, alisema mkuu wa msafara, mdudu lazima aje kwa moyo wake. Wakaja. Wengine walichoma kabla ya kichupa kufika.

Papa Édouard, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, hakulalamika. Alikubali kuumwa kwa ajili ya yale yaliyokuwa kati ya jiwe na jiwe. Siku tisa za kutembea ndani ya msitu wa limbali, miti mirefu minyoofu, ambamo chini hakuna kichaka, ni nguzo tupu na mwanga wa kijani, na hatua zako huzisikii kwa wingi wa majani makavu. Halafu ghafla mto, na anga lote linakuangukia machoni. Alikuwa mtu wa kutaka kuona kona inayofuata. Mke wake alikuwa akisema, ukimzika huyu, acha miguu nje.

Mwenzake wa jiwe alikuwa Néhémie, Mnande aliyeshuka toka Butembo kufuata biashara ya ndugu zake, ikamshinda, akaajiriwa. Mtu wa mzaha. Usubi ukimchoma aliuambia kama mjomba, "Kunywa, tonton, lakini uache ya Katungu." Katungu alikuwa mke wake, Kisangani, na mtoto mgongoni.

Mwaka wa tisini na moja, kwenye mto mmoja mdogo unaoingia Lomami, Néhémie alishikwa na homa. Mkuu wa msafara akasema stesheni lazima ikamilike. Néhémie akakaa saa yake akitetemeka, Édouard akakaa yake, kisha akaanza kukaa na za mwenzake. Siku ya tatu, saa nane ya mchana, ilikuwa saa ya Néhémie. Alikaa mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Saa ilipogeuka Édouard alikwenda kumpokea, akakuta usubi umemjaa miguuni na hakuna aliyefunikwa.

Walimzika kwenye mteremko juu ya jiwe, chini ya limbali, wakaweka mawe matatu ya mtoni. Mkuu wa msafara akafungua sanduku la chuma, akaandika karatasi juu ya mfuniko wake. Kifo kingemaanisha uchunguzi, uchunguzi ungemaanisha kurudi. Karatasi ilisema kwamba Néhémie ameacha kazi na kutoroka. Palihitajika shahidi. Édouard alikuwa amefika darasa la tano kwa vipande vipande, Kifaransa cha karatasi ile alikielewa. Mbele, siku mbili za kutembea, walikuwa wamemwambia Lomami hujikunja mara tatu na ukisimama pale juu unaiona yote kwa mara moja. Alitaka kuona. Akatia sahihi.

Aliiona. Ilikuwa nzuri kama walivyosema.

Huko Kisangani, Katungu aliuliza, naye Édouard alimjibu ana kwa ana: "Mama, aliniacha njiani." Tangu siku hiyo Katungu hakuwa mke wala mjane. Hakuvaa nguo nyeusi, viti vya matanga havikupangwa. Shemeji zake walisema kaka yao ana mwanamke Opala, na mtoto wake Sylvain alikua akiitwa wa mtoro. Katungu aliuza vitunguu na maharage sokoni mpaka akawa na meza tatu, na kila msafiri aliyetoka upande wa Opala alimuuliza kama hajaona mtu mrefu, mwenye pengo hapa.

Papa Édouard aliujua mji mzima kwa miguu, isipokuwa safu ya vitunguu. Mara nne katika miaka thelathini na kitu alijikaza akaingia. Mara zote nne alifika mbele ya meza, akafungua mdomo, akauliza bei. Viviane alishangaa kwa nini baba yake, asiyependa vitunguu, hurudi navyo vingi hivyo.

*

Siku moja Colette alisema, akipima kwanga: "Jana niliona wawili, Papa. Mumoja ni weye. Mwengine anatetemeka yulu ya jiwe. Halafu ngungi ikakatika."

Papa Édouard hakutoa kiti jioni ile, wala ya pili yake. Alijilaza ndani ya chandarua akifikiri juu ya matundu mawili. Mbu walikuwa wanakaribia. Kesho au keshokutwa mmoja angeyachukua yale mawe matatu, akampelekea Glodi, naye angeyapeleka mjini juu ya baiskeli kama habari ya mpira. Au yangeangukia mtu anayesinzia, akadhani ni ndoto. Na yeye mwenyewe asingekuwa nayo tena ya kusema.

Ya kusema kwa mdomo, hapana. Aliujua mdomo wake. Ungesema kaburi na kuiruka kalamu.

Alikuwa bado na kichupa kimoja cha kazi, ndani ya soksi, pamoja na pamba na kibandiko.

"Viviane," alisema, "kesho asubuhi nikikuuliza naenda wapi, uniambie kwa Mama Katungu wa vitunguu, kule Kabondo."

"Kwa nini usijue weye mwenyewe?"

"Uniambie tu."

Alfajiri alikaa kwenye kiti, akakunja suruali mara nne. Akamngojea. Alimsikia kabla hajatua, na kwa kuwa macho hayakuwa na kazi alimfuata kwa ngozi. Mbu akatua chini ya goti la kulia. Papa Édouard akayawaza mawe, na mteremko, na sanduku la chuma, na kalamu ilivyokuwa ya moto kwa kukaa juani, hakuruka kitu. Alimwacha anywe nusu, kwa sababu mbu aliyeshiba haumi tena mpaka siku zipite. Kisha kichupa, pamba. Mkono ulikuwa bado mwepesi.

Akachukua penseli. Sheria ya kazi ni kwamba kibandiko huandikwa baada ya kukamata, anayeandika kabla ni mwongo na kichupa chake hutupwa. Hakuna mkamataji aliyewahi kuivunja, na Papa Édouard hakuivunja asubuhi ile. Akaleta kibandiko puani. Akaandika saa. Akaandika jina lake. Akaandika: stesheni, mto I. Hapo penseli ikasimama. Akangoja, akijua kwamba herufi nyingine zilikuwepo dakika moja iliyopita. Hazikurudi. Akaandika chini, kwa Katungu.

"Viviane, naenda wapi?"

"Kwa Mama Katungu, Papa. Kabondo." Alikuwa anafuta macho kwa ukingo wa kitenge.

Alikataa toleka. Alikwenda kwa miguu, fimbo mkono mmoja, kichupa mkono mwingine ndani ya leso, kwa mwendo wake wa zamani, ule ambao wenzake walikuwa wakisema si wa haraka lakini haupitwi. Jua lilikuwa kali alipobisha.

"Papa Édouard," alisema Katungu. "Leo hauulizi bei?"

"Hapana, Mama. Nimekuletea kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui tena. Iko ndani. Lete mukono."

Katungu alikitazama kichupa, akasoma kibandiko, akasogeza bangili juu. Habari za Simi-Simi zilikuwa zimefika sokoni, kwa hiyo hakuuliza. Papa Édouard aliondoa pamba na kuukandamiza mdomo wa kichupa kwenye ngozi yake, palepale ambapo mshipa unaonekana. Wakasubiri. Kuku alipita kati yao. Mbu alikunywa nusu yake ya pili.

Papa Édouard hakuuona uso wa Katungu, ulikuwa kivuli kati ya vivuli. Alisikia pumzi yake ikisimama, kisha ikirudi kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ukingo wenye utelezi.

"Ni muzuri?" aliuliza hatimaye, kwa sababu wengine wote walisema ni nzuri.

"Kuna mto," alisema Katungu. "Mwanga iko kijani." Sauti yake ilikuwa imara. "Kuna mawe tatu."

"Ah."

"Iko ya moto, kalamu," alisema. Papa Édouard hakuelewa. Katungu akamletea maji ya kunywa, akayaweka mkononi mwake na kuvifunga vidole vyake kuzunguka kikombe. Halafu akaingia ndani, na kilio kikaanza.

*

Matanga yalikaa siku tatu. Viti vilijaa hadi barabarani. Katungu alivaa nyeusi, na Sylvain, mtu mzima mwenye mvi kadhaa, alikaa chini sakafuni kama mtoto aliyefiwa juzi. Hakuna aliyeuliza habari ilifikaje. Waliona uvimbe mkononi.

Baada ya hapo Katungu alimshika Papa Édouard mkono wakaenda kwenye ofisi iliyorithi makaratasi ya msafara, kumwondoa Néhémie kwenye orodha ya watoro. Mwenye dawati aliitwa Jean-Paul. Alitafuta jalada nusu siku, akalipuliza vumbi, akasikiliza yote bila kuwakatiza.

"Mama, siyo kama sikuamini. Mimi mwenyewe ngungi ilishaniletea ndoa ya tonton yangu. Lakini fomu inaomba vitu tatu: mahali, tarehe, na shahidi mwenye alitia sahihi ya kwanza."

"Shahidi ni huyu."

"Bon. Papa, hii ni sahihi yako?"

Karatasi ikasogezwa hadi puani pake. "Inafanana na yangu," alisema Papa Édouard.

"Alors, Néhémie alikufa?"

"Mama anasema hivyo."

"Siulizi Mama. Weye uliona?"

"Niliona. Nikamupatia Mama."

Jean-Paul aliweka kalamu chini, akawaza kwa uaminifu. "Donc mwenye kuona sasa ni Mama. Na Mama hakutia sahihi. Mwenye kutia sahihi ni Papa, na Papa hajui." Akamgeukia Katungu. "Mto unaitwaje?"

"Niliona maji, sikuona jina. Kibandiko inasema I," alisema Katungu.

"I nani?"

Kibandiko kilikuwa mezani. Wote watatu walikitazama, hata Papa Édouard. Kisha Jean-Paul akalirudisha jalada kwenye rafu, kwa upole, mahali lilipotoka. Bado lipo hapo. Bado linasema ametoroka.

*

Sasa kila Jumamosi, siku ya posho, Katungu hufunga meza zake mapema na kwenda Simi-Simi. Mwanzoni alikwenda kuikusanya njia. Colette alimpa mto wa mawe meupe, Glodi akampa njia panda, mama wa mtaa wa nyuma akampa kilima. Lakini kipande kimoja kilikuwa kwa mpangaji aliyehamia Kinshasa, na kingine, kile cha kuteremkia mtoni, kilimfikia mbuzi wa Glodi, na mbuzi aliliwa Mwaka Mpya. Njia haikuunganika. Katungu akaacha kuuliza, lakini hakuacha kwenda. Uvimbe wa mkononi haupoi, kwa sababu anaukuna kila asubuhi kabla haujafunga.

Huleta kiti chake. Papa Édouard hakusudii tena kugawa kitu, kimebaki kidogo, ila suruali huikunja kwa mazoea. Jumamosi moja alisema:

"Mama, huyo mutu mwenye alitia sahihi."

"Eh."

"Alikuwa anawaza nini?"

Katungu aliutazama mkono wake. "Alikuwa anaangalia ng'ambo. Alitaka kuona mto fulani vile unajikunja."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Papa."

Papa Édouard alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia habari ya mtu wa kijiji kingine. "Ukikutana naye," alisema, "usimusalimie."

"Ninamusalimia kila posho," alisema Katungu.

Kengele ya kanisa ikalia saa kumi na mbili. Mbu walikuwa wameanza. Katungu aliinama, akaishusha suruali ya mzee, mkunjo baada ya mkunjo, yote minne, mpaka ikafunika vifundo.

"Pumzika," alisema. "Hii ni saa ya Néhémie."

Akapandisha kitenge chake hadi magotini, akanyoosha miguu, akakaa.